NASIBU, MWIKO NA RISASI: Bahati katika vita na uganga, toka meza ya mchezo hadi Masisi

Makala haya yanachunguza swali ambalo limejibiwa kwa njia mbili na watu wasiopata kuonana: watungaji wa michezo ya vita ya mezani kwa upande mmoja, na waganga wa vita wa Kongo ya Mashariki kwa upande wa pili. Swali lenyewe ni hili. Wapiganaji wawili wamesimama bega kwa bega, wote wamelengwa, mmoja akaanguka na mwingine akabaki. Ni nini kilichowatenga? Mtungaji wa mchezo hujibu kuwa ni dadu. Mganga hujibu kuwa ni mwiko: aliyeanguka alikuwa amevunja sharti. Kila jibu lina historia yake, lina hesabu yake, na lina gharama yake, na gharama hiyo hailipwi na watu wale wale.

Mahali panapofaa kuanzia uchunguzi huu ni Bweremana, mji mdogo ulioko ufukoni mwa Ziwa Kivu katika wilaya ya Masisi, kwenye barabara itokayo Goma kupitia Sake na Shasha na kuelekea Minova. Nyuma yake kuna milima ya Wahunde, na magharibi zaidi, milima ikishuka, unaanza msitu wa Walikale, nchi ya Wanyanga. Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili vyote husikika sokoni. Barabara hiyo imepitiwa na majeshi mengi kuliko inavyostahili barabara ya samaki na ndizi, na wengi wa waliopita walikuwa wamevaa hirizi au wamenyunyiziwa maji. Lakini kabla ya kuyafikia maji hayo, yafaa kutazama maneno ambayo Kiswahili kimeyaweka akiba kwa ajili ya jambo hili.

Bahati imetoka Kiajemi. Sudi na nasibu zimetoka Kiarabu, na nasibu asili yake ni fungu, yaani sehemu aliyogawiwa mtu. Dadu kwa kauli ya wengi ni neno la Kireno. Hivyo msamiati wa bahati ulifika kwa jahazi, pamoja na bidhaa nyingine. Neno la kushangaza zaidi ni la nyumbani, nalo ni bao. Mtu hucheza bao, na mtu hupiga bao. La kwanza ni mchezo, la pili ni kuagua. Mchezo wa bao una mashimo 32 na kete 64, na tangu kete ya kwanza hadi ya mwisho hakuna hata chembe moja ya nasibu ndani yake: kila kitu kiko wazi machoni pa wachezaji wote wawili, na anayeshindwa hana wa kumlaumu ila hesabu yake mwenyewe. Ndivyo ulivyo pia mchezo wa igisoro, ndugu yake bao katika Rwanda na nchi jirani. Kupiga bao, kinyume chake, ni kazi ambayo haiwezi kuanza bila nasibu. Huenda jina limeshirikiwa kwa sababu ya ubao wenyewe tu, ule uliotandazwa mchanga ili mwaguzi apate mahali pa kuandika. Hata hivyo ni vema kukumbuka kwamba lugha imeweka chini ya neno moja mchezo uliofukuza bahati na elimu iliyoikaribisha.

Elimu hiyo, ambayo pwani hujulikana zaidi kwa jina la ramli, imepangwa kwa ustadi ambao mtungaji wa mchezo wa leo angeuhusudu. Mwaguzi hupiga nukta mchangani kwa haraka, bila kuzihesabu, katika mistari minne. Kisha huzifuta mbili mbili. Mstari ukibakiwa na nukta moja ni witiri, ukibakiwa na mbili ni shufwa. Mistari minne ya namna hiyo hutoa umbo moja, na maumbo yanayoweza kutokea ni 16. Kazi hurudiwa mpaka yapatikane maumbo manne, ambayo huitwa mama. Hapo nasibu imekwisha. Maumbo yote mengine hutokana na hayo manne kwa kanuni tupu: mistari ya mama husomwa kwa mlalo ili kupata mabinti, kisha maumbo hujumlishwa mawili mawili mpaka libaki moja la mwisho, ambalo ni hakimu. Katika maumbo 16 ni manane tu yanayoweza kuwa hakimu, kwa kuwa kila mstari wa mama huingia katika jumla mara mbili, na kwa hiyo nukta za hakimu lazima ziwe shufwa. Mwaguzi akipata hakimu mwenye nukta za witiri, anajua amekosea hesabu mahali fulani, naye huanza upya. Ni mtambo unaojikagua wenyewe.

Linalopaswa kuzingatiwa hapa ni wakati. Katika ramli nasibu huja kwanza, na uamuzi wa mtu hufuata. Anayetaka kusafiri, kuoa au kupigana huonyeshwa hali, kisha huchagua. Katika mchezo wa dadu mambo huenda kinyume: mchezaji huchagua kwanza, husema "nampiga", na ndipo dadu hutupwa. Watungaji wa michezo hutofautisha sana nasibu iliyo kabla ya uamuzi na nasibu iliyo baada yake, maana ya kwanza humwachia mchezaji heshima ya kupanga, na ya pili humfundisha kuvumilia. Ramli ni ya aina ya kwanza. Vita vyenyewe, kwa bahati mbaya, ni vya aina ya pili.

Waazande wa Uele, kaskazini mashariki ya Kongo, walikuwa na njia nyingine, ambayo E. E. Evans-Pritchard aliieleza katika kitabu chake cha 1937. Kuku hulishwa sumu iitwayo benge, na sumu huulizwa: kama jambo ni kweli, kuku afe. Jibu moja halitoshi. Kuku wa pili hulishwa, na swali hugeuzwa: kama jambo ni kweli, kuku huyu apone. Majibu mawili yasipolingana, shauri halina nguvu. Mwenye kufahamu hesabu za uwezekano ataona mara moja kwamba sumu inayoua kila kuku, au isiyoua hata mmoja, hufichuliwa na utaratibu huo. Waazande hawakuiita sumu bahati, na wangekasirika kuambiwa hivyo. Lakini walijua kuwa chombo cha kuulizia hakifai kikiwa na upendeleo, na walikijaribu kabla ya kukiamini.

Sasa turejee msitu wa Walikale, kwani huko ndiko kuliko na ushahidi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1956 mtambaji wa Kinyanga aliyeitwa Candi Rureke alitamba utendi wa Mwindo mbele ya Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji, na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa Mnyanga mwenyewe. Utendi ulichapishwa mwaka 1969 pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Mwindo ni mtoto aliyekataliwa na baba yake, Shemwindo, mtemi wa Tubondo. Silaha yake ni usinga uitwao conga. Huo si silaha ya kubahatisha. Mwindo akiuamuru, hutenda. Anapofika kuzimu akimfuata baba yake mtoro, anapigana na Muisa, ambaye humpiga kwa mkanda wake wa karemba na kumwua, usinga humfufua. Nkuba, mwenye umeme, akiombwa huteremka na kuunguza. Kwa lugha ya meza ya mchezo, uganga wa Mwindo hauna dadu.

Halafu, katikati ya hayo yote, huja tukio ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Shemwindo amekimbilia kwa Sheburungu, mungu wa kuzimu, na Sheburungu hataki kupigana. Anataka kucheza. Mchezo ni wa mbegu za wiki, na huchezwa kwa rehani. Mwindo, ambaye mpaka hapo hajashindwa na kifo chenyewe, anaanza kushindwa. Anapoteza mali. Anapoteza watu wake. Anapoteza hata shangazi yake Iyangura, aliyemlea na kusimama naye tangu mwanzo. Mwisho anabakiwa na usinga tu. Anauweka rehani, na tangu hapo mchezo unageuka: Mwindo hurudisha vyote alivyopoteza na kuchukua vyote vya Sheburungu.

Mtambaji alikuwa na sababu gani ya kuweka mchezo wa rehani mahali ambapo msikilizaji alitazamia vita? Jibu la karibu ni kwamba shujaa mwenye silaha isiyokosa hana hatari tena, na utendi usio na hatari humlaza msikilizaji. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Hatari aliyoletewa Mwindo haikumgusa mwili wake. Iligusa jamaa zake. Aliyewekwa rehani ni shangazi na kijiji kizima. Rureke, au waliomtangulia, walifahamu kwamba bahati ya mwenye nguvu hulipwa kwanza na wale wanaomtegemea, na kwamba yeye mwenyewe huweka rehani kitu chake cha mwisho baada ya kuwa wengine wote wamekwisha kutolewa. Hakuna kanuni ya mchezo wa mezani iliyosema jambo hilo kwa ukali kama huo.

Michezo hiyo ya mezani nayo ina ukoo wake. Mwaka 1824 afisa wa Kiprusi, Georg von Reisswitz mdogo, alikamilisha mchezo wa vita alioanzishiwa na baba yake. Ulichezwa juu ya ramani, na hasara za kila shambulio ziliamuliwa kwa dadu na majedwali. Jeshi la Prusia liliupokea kuwa chombo cha kufundishia maafisa. Kwa nini dadu, na kwa nini si bao tu, ambalo lingempa afisa mazoezi makali zaidi ya akili? Kwa sababu afisa anayejifunza vita kwa bao atadhani kila kitu kiko wazi. Clausewitz, ambaye kitabu chake kuhusu vita kilianza kuchapishwa mwaka 1832 baada ya kifo chake, alivifananisha vita na mchezo wa karata. Hata hivyo dadu zilichosha. Mwaka 1876 Verdy du Vernois alipendekeza majedwali yaachwe na mwamuzi mwenye uzoefu aamue mwenyewe nani ameumia. Tangu siku hiyo pameendelea mvutano kati ya wanaoamini kifaa na wanaomwamini mwamuzi.

Mvutano huo ulihamia Marekani, mikononi mwa raia waliocheza vita kwa sanamu ndogo za risasi. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za Chainmail, zilizokuwa na nyongeza ya wachawi na majoka. Dave Arneson alizitumia katika mchezo wake wa Blackmoor, ambamo kila mchezaji alikuwa na mhusika mmoja badala ya kikosi. Hapo ndipo shida ilipotokea. Katika vita vya vikosi, dadu moja mbaya huondoa sanamu moja, na hakuna anayelia. Mchezaji mwenye mhusika mmoja, aliyempa jina na kumlea kwa majuma kadhaa, hakubali afe kwa tupo moja. Arneson alieleza baadaye kuwa ndiyo sababu iliyomfanya atumie hesabu ya nguvu za uhai, ambayo hupungua kidogo kidogo kwa kila pigo. Mwaka 1974 Gygax na Arneson walitoa Dungeons & Dragons, na hesabu hiyo ikaenea duniani.

Mwaka 1979, katika kitabu cha waamuzi wa mchezo huo, Gygax aliulizia nguvu hizo za uhai ni nini hasa. Haiwezekani, alifafanua, mtu hodari akachomwa upanga mara kumi akaendelea kutembea. Basi sehemu ya nguvu hizo ni mwili, na sehemu kubwa ni ustadi, bahati, na ulinzi wa miungu au wa uganga. Kwa maneno mengine, bahati ilikuwa imegeuzwa akiba. Mpiganaji huingia vitani akiwa na kiasi chake, na kila pigo humla. Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa zaidi. Anafahamu kitu kinachopakwa mwilini kabla ya vita, kinacholinda kwa muda, na kinachohitaji kufanywa upya.

Ama kuhusu uganga, kanuni za 1974 zilifanya jambo la pekee. Anayepiga upanga hutupa dadu ili ajue kama amempata adui. Anayetoa uganga hatupi. Ameuandaa asubuhi, wazo lililotokana na hadithi za Jack Vance za mwaka 1950. Anautamka, nao unatokea, kisha unamtoka mpaka auandae tena. Dadu hutupwa na yule aliyepigwa, ili kuona kama amejinusuru. Uganga wenyewe haukosei; kinachopimwa ni uthabiti wa mlengwa. Watungaji wa baadaye walijaribu njia nyingine. RuneQuest ya mwaka 1978 ilijengwa juu ya dadu za asilimia, na mwaka 1991 Erick Wujcik alitoa mchezo wa Amber usiokuwa na dadu hata moja, ambamo mwenye kiwango cha juu hushinda isipokuwa mwenzake abadilishe mazingira. Uchaguzi wa dadu nao si jambo dogo. Dadu moja yenye pande 20 hutoa kila namba kwa uwezekano ule ule, asilimia 5. Dadu mbili za pande sita hutoa 7 mara sita katika 36, lakini hutoa 2 mara moja tu. Mtungaji anayetaka vita vya ghafla atachukua ya kwanza. Anayetaka hodari awe hodari siku nyingi na ashangaze siku chache, atachukua za pili.

Haya yote huchezwa mezani, na jioni wafu huinuka na kunywa chai. Katika Kongo hawakuinuka.

Historia ya maji ya vita Afrika Mashariki kwa kawaida huanzishwa na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa kusini mwa Tanganyika mwaka 1905, na ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti mwaka huo, vita vikiwa bado vichanga. Ebrahim Hussein aliuandikia tamthilia yake ya mwaka 1969 mtu huyo, na wanafunzi wa Kiswahili wanaijua vya kutosha. Linalohitaji kusemwa zaidi ni habari ya Simba wa mwaka 1964. Waasi hao, wa upande wa Gaston Soumialot na Nicolas Olenga, waliingia Stanleyville, ambayo ni Kisangani ya leo, mwanzoni mwa Agosti. Walitanguliwa na kilio cha "Mai Mulele", wakimtaja Pierre Mulele, kiongozi wa uasi wa Kwilu. Mai ni maji, katika Kilingala na katika vinywa vya wengi wanaosema Kiswahili cha Kongo. Wapiganaji walichanjwa chale na kunyunyiziwa maji, nayo yote yaliitwa dawa. Wanajeshi wa serikali, wengi wao wakiwa na silaha bora zaidi, walikimbia, kwa kuwa wao pia waliiamini dawa. Hapo dawa ilifanya kazi kwa hakika, na haikuhitaji kuzuia risasi: ilitosha kuzuia kidole kisifyatue.

Dawa hiyo ilikuwa na miiko. Mpiganaji asiibe. Asimguse mwanamke. Asigeuke nyuma wala kutazama kando akiwa mstarini. Asiogope. Ernesto Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 kuwasaidia waasi, aliandika habari za dawa katika kumbukumbu zake za Kongo. (Wakuba hao walijipa majina ya hesabu za Kiswahili, Víctor Dreke alikuwa Moja, na Guevara mwenyewe, kiongozi wa wote, akawa Tatu.) Guevara alieleza jinsi kamanda mmoja alivyomhakikishia kwamba risasi zilimgonga zikaanguka chini. Alitambua pia kwamba dawa haiwezi kushindwa katika hoja, kwa sababu aliyekufa ndiye aliyeogopa. Mwishoni mwa Juni 1965 shambulio la Bendera lilivunjika, Wakuba wanne wakafa, na wengi wa Wakongo na Wanyarwanda waliokuwa nao wakasema mganga alikuwa hafai.

Ni rahisi kulicheka jambo hili, na maandiko mengi ya Kizungu yamelicheka. Lakini dawa ikitazamwa kama mtungaji wa mchezo anavyotazama kanuni, itaonekana ina mpango mzuri kuliko inavyodhaniwa. Nguvu yake haitupiwi dadu, sawa na uganga wa mwaka 1974. Bahati imeondolewa kwenye risasi na kupelekwa kwenye mwenendo. Na kwa kuwa miiko ni mingi, hesabu yake ni ya kikatili. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kuwa kijana huweza kuushika kila mwiko kwa siku tisa katika kumi, na miiko ikawa saba, basi siku ambazo ameishika yote ni chini ya nusu. Hana haja ya kuwa mwovu. Inatosha awe kijana, mwenye njaa, aliyepeana mkono na mtu asiyestahili, au aliyekula chakula kilichokatazwa bila kujua. Hivyo dawa ina uwezekano wake wa kushindwa uliofichwa ndani ya masharti, na ukubwa wake hautofautiani sana na ule wa dadu. Tofauti ni kwamba dadu haimdai aliyekufa chochote.

Miiko ilikuwa na kazi nyingine, ambayo haistahili kudharauliwa. Mpiganaji anayeamini kwamba kuiba kuku wa mwanakijiji kutamfanya risasi impate, haibi kuku. Makundi ya Mai-Mai yaliyoinuka Kivu katika miaka ya 1990 yalikuja na masharti ya namna hiyo: kutoiba, kutobaka, kutogusana na wasiopewa dawa, kuacha vyakula fulani. Kwa mwanakijiji asiye na bunduki, hiyo ndiyo iliyokuwa sheria pekee iliyosafiri pamoja na wenye bunduki. Palipoachwa masharti, au palipopatikana mganga aliyekubali kuyalegeza, au vijana walipokusanywa upesi kuliko walivyoweza kufundishwa, hirizi zilibaki na kuku hawakubaki. Mwanahistoria akiiandika dawa kuwa ushirikina mtupu hataweza kueleza kwa nini kundi moja liliogopwa na wenyeji na jingine likalishwa nao. Sababu mara nyingi zilikuwa za kisiasa, za ardhi na za ukabila. Lakini hali ya miiko ilikuwa miongoni mwa alama ambazo watu walizitazama.

Gharama ya upande wa pili ni hii. Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, Walikale, na vita kati ya makundi ya Wahunde, Wanyanga na Watembo na majirani wao wasemao Kinyarwanda vikaenea Masisi yote. Maelfu walikufa. Wengi wa waliopigana walikuwa vijana waliotiwa dawa, na walipouawa, jamaa zao walipokea misiba miwili kwa pamoja: mtoto amekufa, na mtoto alivunja mwiko. Msiba wa pili haukuwa na shahidi wala rufani. Ukimlinganisha mzazi huyo na mchezaji aliyepoteza mhusika kwa tupo la dadu, ulinganifu waweza kuonekana kuwa ni matusi. Bado una faida moja, ya kuonyesha wazi kwamba kukataa nasibu ni kumtafuta mwenye hatia, na kwamba katika vita aliye karibu kuliko wote kuhukumiwa ni marehemu.

Waazande wangeuliza mara ya pili kwa kuku mwingine. Mwaguzi wa ramli angeangalia kama hakimu ni shufwa. Dawa ya vita, tofauti na elimu hizo mbili, haikuwa na njia ya kujikagua, kwani jaribio lake halirudiwi. Kasoro hiyo haitokani na uganga wa Kiafrika kwa jumla, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Ni kasoro ya dawa iliyotengenezwa kwa haraka, kwa ajili ya watu wasiokuwa na wakati wa kuuliza mara mbili.

Barabara ya Bweremana haijapata raha. Mapema mwaka 2024 mapigano kati ya jeshi la serikali, pamoja na makundi yaliyoitwa Wazalendo, na waasi wa M23 yalifika vilima vya Sake na Shasha, na watu waliokimbia wakajazana ufukoni. Tarehe 21 Januari 2025 M23 waliiteka Minova, na siku chache baadaye Sake na Goma. Silaha zilizovuma safari hii zilikuwa mizinga ya masafa, ambayo haimtazami mtu usoni. Miiko ya kutogeuka nyuma na kutazama kando ilitungwa kwa ajili ya vita vya watu wanaoonana. Bomu linaloanguka kambini kwa wakimbizi haliwezi kuelezwa kwa mwiko, kwa kuwa waliouawa hawakupewa dawa wala sharti lolote; walikuwa wamelala.

Hapo ndipo kisa cha mbegu za wiki kinaposomeka upya. Katika utendi, wote waliowekwa rehani na Mwindo, Iyangura miongoni mwao, hawakuulizwa kama wanakubali kuchezewa. Rureke anawataja mmoja baada ya mwingine kadiri wanavyopotea, kisha anawataja tena wakati wa kurudishwa.